Chungu na Karatasi Zake



Mada ya leo ni ufinyanzi wa kisasa, nami nitauingilia kwa mlango wa uani. Nitakipita chumba cha mbele chenye taa, ambako vyungu hupangwa vionekane, niende moja kwa moja ofisi ya nyuma: makabati ya mafaili, daftari la mauzo, orodha za bei, barua za wafinyanzi wanaoulizia malipo yao, fomu za bima, picha zilizoandikwa namba kwa penseli mgongoni. Jumba la sanaa linapofungwa, vyungu huwa vimekwisha kutawanyika kwa wanunuzi, na kinachobaki mahali pamoja ni hizo karatasi. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba katika sanaa ya udongo, kuliko katika uchoraji au uchongaji, karatasi hizo ndizo zinazolishikilia jina la mtengenezaji. Zikikosekana, jina hupotea upesi, na mara nyingi la kwanza kupotea ni jina la mwanamke Mwafrika.

Kwa nini ufinyanzi zaidi? Mchoraji hutia sahihi yake mbele ya picha na kuipa picha jina. Mfinyanzi hugonga muhuri mdogo kwenye kitako, tena wakati mwingine rangi ya kioo huufunika muhuri ule chungu kikiwa tanurini. Vyungu vingi havina majina. Hutengenezwa kwa mfululizo, vikafanana kama ndugu, na anayevitofautisha ni yule aliyeandika kimo cha kila kimoja, mwaka wake, namba yake na aliyekinunua.

Chukueni kazi za Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasomea usanifu wa michoro Kabete, akaenda Uingereza mwaka 1971, na mpaka leo kazi yake imesimama miongoni mwa kazi kubwa za ufinyanzi duniani. Hatumii gurudumu. Hujenga chungu kwa mkono, hukisugua mpaka king'ae bila kutiwa rangi ya kioo, kisha hukichoma. Moto wenye hewa ya kutosha hutoa rangi ya chungwa iliyoiva. Akikichoma tena katika moto ulionyimwa hewa, moshi huingia ndani ya udongo na chungu kikatoka cheusi. Shingo huinama, tumbo hujaa, mdomo hupanuka, nawe unahisi umesimama mbele ya mtu. Lakini tazameni kibandiko. Chungu chake cha mwaka 1995 kilichoko katika makumbusho ya Newark, Marekani, kimeitwa tu Bila Jina Na. 10. Vingine vimeelezwa kwa umbo na rangi yake, basi. Msanii ana haki hiyo. Hataki neno limtangulie mtazamaji. Ila mzigo wa kumbukumbu huhamia kwa wengine. Miaka hamsini ijayo, mtu akiwa na vyungu viwili vyeusi vya mwaka mmoja vyenye shingo zilizoinama, atajuaje kipi kilionyeshwa wapi, kipi kilirudishwa, kipi kilipata ufa? Atakwenda kwenye mafaili ya majumba yaliyoviuza.

Nitarudi nyuma kidogo. Mwaka 1928 mwanamke mmoja Mwingereza, Muriel Rose, alifungua London duka dogo la sanaa za mikono aliloliita Little Gallery. Aliuza vyungu vya Bernard Leach, vya Michael Cardew, vya Katharine Pleydell-Bouverie, na wakati huo wote walikuwa wafinyanzi wa kisasa kwa maana halisi: watu walio hai, wenye madeni, wanaongoja hundi. Duka lilifungwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza. Rose angeweza kuzitupa karatasi zake, lakini hakuzitupa. Baadaye alikuwa miongoni mwa walioasisi Crafts Study Centre mwaka 1970, kituo kilichokaa kwanza Bath na sasa kiko Farnham, kusini mwa Uingereza, na nyaraka zake ziko humo. Humo pia mna nyaraka za Leach, na za Lucie Rie aliyekimbia Vienna mwaka 1938 akaanza upya London kwa kutengeneza vifungo vya nguo. Farnham ndio mji ule ule Odundo aliosomea ufinyanzi miaka ya 1970, akafundisha, na chuo kikuu chenye kituo hicho kilimfanya Mkuu wake wa heshima mwaka 2018. Mwanafunzi wa Kiafrika anayetaka kujua jinsi soko la ufinyanzi wa kisasa lilivyojengwa ana pa kuanzia.

Wakati wa Rose alikuwapo mtu aliyewaza tofauti kabisa, William Staite Murray. Yeye aliviweka vyungu vyake katika majumba yanayouza picha, akakipa kila chungu jina lake kama mchoraji afanyavyo, na akaviuza kwa bei za picha, kimoja hata kupita gini 100, huku wenzake wakiuza kwa shilingi. Vita ilipoanza alikuwa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Akabaki huko mpaka alipofariki mwaka 1962, wala hakufinyanga tena. Nimemtaja kwa sababu moja. Aliyekipa chungu jina na bei kubwa alilazimisha kiandikwe. Chungu cha bei ndogo, chungu cha kupikia, mtungi wa maji, haviandikwi, na hivyo ndivyo vyungu vilivyotoka mikononi mwa mama zetu.

Sasa twende Nigeria. Mwaka 1950 Michael Cardew, akiwa ofisa wa ufinyanzi wa serikali ya kikoloni, aliona katika nyumba ya Emir wa Abuja, Suleiman Barau, mitungi iliyomstaajabisha. Ilikuwa kazi ya mwanamke Mgwari, Ladi Kwali, aliyeufinyanga udongo tangu utoto katika kijiji cha Kwali. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha mafunzo cha Cardew huko Abuja, akiwa mwanamke wa kwanza pale. Aliendelea kujenga mitungi yake kwa mkono kama alivyofundishwa na shangazi yake, akachora juu yake mijusi, vinyonga, nge na samaki kwa kukwaruza udongo, ila sasa ilitiwa rangi ya kioo na kuchomwa katika joto kali la tanuri. Mwaka 1958, 1959 na 1962 kazi za Abuja zilionyeshwa London katika jumba la Berkeley Galleries, mtaa wa Davies. Jumba hilo, lililoanzishwa na William Ohly, liliuza sanamu za kale za Afrika, na liliuza pia vyungu vipya vya Leach na Rie.

Fikirini juu ya vyumba vya jumba hilo. Upande mmoja kuna kinyago, na kibandiko kinataja kabila tu. Upande wa pili kuna mtungi, na mtengenezaji wake anatajwa kwa jina, yu hai, tena atapanda ndege kuja London kuwaonyesha Waingereza jinsi anavyouzunguka udongo kinyumenyume akiujenga. Bara ni moja na mwuzaji ni yule yule. Kilichoutenga mtungi na kinyago ni mazoea ya soko la ufinyanzi wa kisasa kwamba orodha ya bei huandikwa kwa jina la mfinyanzi, kwa sababu mfinyanzi lazima alipwe. Nauona huu ukweli mkubwa wala siuonei haya ukavu wake: hesabu za malipo ziliokoa jina ambalo elimu ya makabila ingelipoteza. Leo sura ya Ladi Kwali imo katika noti ya naira 20. Na alipokwenda Abuja mwaka 1974 kujifunza kwake, Odundo alijua anakwenda kwa nani.

Lakini msifurahi mno. Katika kituo kile kulikuwa na wanawake wengine: Halima Audu, Asibi Ido, Kande Ushafa. Majina yao yapo, ila wangapi kati yetu wamewahi kuyasikia? Na kuna mtego ambao mtunza nyaraka peke yake ndiye anayeuona. Mji ulioitwa Abuja wakati huo sasa unaitwa Suleja. Jina la Abuja lilihamishiwa makao makuu mapya ya nchi. Mtu anayesoma kibandiko cha mwaka 1959 bila kulijua hilo atakitafuta kituo cha Cardew mahali ambapo hakikuwepo.

Nimesema kuna mafaili. Ndani yake mna nini hasa? Majumba mengi ya ufinyanzi huendesha biashara kwa mali kauli. Mfinyanzi huleta vyungu vyake, jumba huvipokea bila kulipa, huandika hati, huvionyesha. Kikiuzwa kimoja, jumba hukata kamisheni, mara nyingi nusu ya bei, na kumpelekea mwenyewe kilichobaki. Hati ile ya mali kauli ndiyo karatasi ninayoipenda kuliko zote. Ina tarehe ya kuletwa, namba ya kila chungu, vipimo, bei iliyokubaliwa, na mwisho ina safu ambayo watafiti wengi huiruka: vilivyorudishwa. Mauzo hutuonyesha kilichopendwa. Vilivyorudishwa hutuonyesha ujasiri ambao soko halikuwa tayari kuulipia. Vyungu vya Lucie Rie vilipofika Uingereza, Leach mwenyewe aliviona vyembamba mno. Jicho la nchi nzima lilikuwa limezoea unene na udongo wa kahawia. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1988, Anita Besson alipofungua London jumba lake la ufinyanzi, Galerie Besson, alilifungua kwa maonyesho ya Rie. Safari kati ya miaka hiyo miwili haisomeki kwenye vyungu vyenyewe. Inasomeka kwenye bei, barua na safu ile ya vilivyorudishwa.

Kisha kuna ripoti za hali ya chombo. Hizi ni za lazima kwa udongo, maana udongo uliochomwa haukunjiki, huvunjika. Mtu anaandika: mwanya wa milimita mbili mdomoni, ufa mfupi karibu na kitako. Kazi ya maana hapo ni kutofautisha ufa uliozaliwa tanurini, ambao ni sehemu ya chungu, na ufa ulioingia safarini, ambao una mtu wa kuulipia. Ripoti nzuri humlinda mfinyanzi asilaumiwe, humlinda mnunuzi asidanganywe, na baada ya miaka huwa cheti cha kuzaliwa cha chungu.

Wajapani walilitatua tatizo hili kwa namna inayonivutia sana. Shoji Hamada, rafiki wa Leach aliyeanzisha naye karakana ya St Ives mwaka 1920, aliporudi Japani aliacha kutia alama kwenye vyungu vyake. Lakini chungu kilichouzwa kilikaa ndani ya sanduku la mbao lililotengenezwa kwa kipimo chake, na juu ya kifuniko mfinyanzi mwenyewe aliandika kwa wino ni chombo gani na ni kazi ya nani. Huko waraka husafiri na chungu, na sanduku likipotea bei huporomoka. Ulaya na Marekani waraka hubaki kwa mwuzaji, na ndiyo maana mwuzaji akifa au akifilisika tunapaswa kushtuka.

Hatari ya kutokuwa na waraka ilionekana wazi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wafungwa katika gereza la Featherstone, karibu na Wolverhampton, walikuwa wakifundishwa ufinyanzi ili wapate stadi. Baadhi yao walijifunza kuiga vyungu vya Bernard Leach, na mihuri yake pia, na vyungu vile vilipita minadani London vikauzwa kama vya Leach. Muhuri hauwezi kujitetea. Anayeweza kuukata mmoja anaweza kuukata mwingine. Ambacho wafungwa wale hawakuweza kukitengeneza ni mstari ndani ya daftari la mwuzaji wa miaka thelathini nyuma, ulioandikwa kwa mkono wa karani ambaye hakuwa na sababu ya kudanganya.

Fedha nazo zimebadilika, na zimeongeza kishawishi. Mwaka 2018, kwenye mnada mjini Oxford, chungu cha mfinyanzi Hans Coper kiliuzwa kwa takriban pauni 381,000 pamoja na gharama za mnada. Mwenyewe alikinunua kwa pauni 250 miaka ya 1970, akawa anakificha ndani ya boksi la viatu. Kwa bei za namna hiyo, stakabadhi ya zamani si takataka.

Marekani walianza mapema kuzichukua karatasi hizi kwa uzito. Archives of American Art, iliyoanzishwa Detroit mwaka 1954 na kuingizwa Smithsonian mwaka 1970, hukusanya barua na mafaili ya wasanii, na pia ya wauzaji wao. Humo mna nyaraka za Helen Drutt wa Philadelphia, aliyewauza wafinyanzi kama Rudolf Staffel na William Daley wakati ambapo majumba makubwa yalikuwa bado yakiuita ufinyanzi kazi ya mikono tu. Garth Clark, mzaliwa wa Pretoria, alifungua jumba lake Los Angeles mwaka 1981 pamoja na Mark Del Vecchio, wakafungua New York mwaka 1983, wakafunga mwaka 2008. Jambo la pekee kwa Clark ni kwamba alikuwa mwanahistoria kabla ya kuwa mfanyabiashara: katalogi zake zilikuwa utafiti, na maelezo aliyoyaandika ili auze yakawa maandiko ambayo watu husoma vyuoni. Nawaheshimu wauzaji wa aina hiyo. Wapo wanaodhani biashara huchafua elimu, nami naona katika sanaa hii biashara ndiyo iliyolipa karo.

Nyaraka hizi zinapofika kwenye hifadhi, mtunzaji mzuri hujizuia kwanza. Hazipangi upya kwa alfabeti kwa sababu tu alfabeti inapendeza. Kama mwenye jumba aliweka barua za mfinyanzi pamoja na malalamiko ya mteja juu ya chungu kile kile, mpangilio huo wenyewe ni habari, na ukivunjwa haurudi. Huondoa vibanio vya chuma vinavyooza na kutia kutu, huhamishia karatasi katika maboksi yasiyo na asidi, huandika mwongozo unaosema kila boksi lina nini. Jambo gumu zaidi ni majina ya wanunuzi. Mtu aliyenunua chungu mwaka jana ana haki ya siri yake, anwani yake na alicholipa visianikwe. Kwa hiyo mafaili ya wateja hufungwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kusomwa. Watafiti hulalamika. Mimi nasimama na wanunuzi, kwa sababu mwuzaji anayejua kwamba siri za wateja wake zitamwagwa atazichoma karatasi zote kabla hajafunga mlango.

Na sisi je? Mwaka 1965 Nairobi ilipata Paa ya Paa, jumba ambalo Elimo Njau, mwana wa Marangu, aliliongoza kwa imani kwamba msanii wa Afrika Mashariki asiige. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo na kazi zilizokuwamo. Kazi za sanaa zilililiwa, na ilikuwa haki. Lakini moto hauchagui kati ya turubai na faili. Jumba likiungua, jina la kila aliyewahi kuonyesha kazi yake humo huwa hatarini pia, isipokuwa kuna nakala mahali pengine.

Vyungu vyetu vingi havijawahi hata kufika kwenye jumba. Ikombe, mwambao wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyopakiwa mitumbwini kwenda Matema, na kutoka hapo hufika masoko ya Mbeya. Mnunuzi anajua ni vya Ikombe, na anaweza kukwambia chungu hiki kinafaa kwa maharage na kile kwa maji. Mwulize jina la aliyekifinyanga. Kule kijijini jina hilo linajulikana vizuri kabisa. Mama mmoja huutambua mkono wa mwenzake kwa mdomo wa chungu tu. Jina halipotei Ikombe. Linapotea sokoni, pale chungu kinapobadilisha mikono bila karatasi. Kikifika Ulaya kitaandikwa kabila, nchi, na mwaka wa kununuliwa.

Kwa hiyo ninyi mnaouza leo, iwe ni duka la watalii Zanzibar, meza ya soko, chumba kimoja cha maonyesho Dar es Salaam au ukurasa wa simu, ninawaomba kitu ambacho hakihitaji jengo wala mfadhili. Nunueni daftari la leja lenye jalada gumu. Kila chungu kinachoingia kipeni namba, na namba hiyo muiandike kwa penseli kwenye kitako. Katika daftari andikeni jina kamili la mfinyanzi kama anavyolitamka mwenyewe, na si "Mama Fulani", na kijiji chake; udongo ulichimbwa wapi, kama yuko tayari kusema; kimo na upana kwa sentimita; bei aliyotaka yeye na bei mliyouzia. Kikirudi, andikeni kimerudi. Pigeni picha mbili, moja ya ubavu na moja ya kitako, mzihifadhi kwa namba ile ile. Kila mwisho wa mwaka toeni nakala ya daftari zima, mwipeleke nyumba nyingine, kwa ndugu au kwenye maktaba ya wilaya, na nakala moja mwipeleke kwa wafinyanzi wenyewe, kwa sababu wao ndio watakaoona mara moja palipoandikwa jina lisilo lao.